Makato Haya Anayalipa Nani?

Leo tuko soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Bei ya magunia ya dagaa imeshakubaliwa, mnunuzi ameshika simu, na mwenye mali anamkumbusha: "Tuma na ya kutolea." Maneno manne tu, makato ya kutoa pesa yamehamia kwa mnunuzi. Akikataa, yanarudi kwa muuzaji.

Tupige hesabu ya mfano. Muuzaji anapata faida ya shilingi 5,000 kwenye kila mauzo ya 100,000. Makato yakiwa asilimia 2, zinaondoka shilingi 2,000. Ukitazama mauzo, utasema ni kidogo. Tazama faida: kati ya kila shilingi tano, mbili zimekwenda, na kodi ya kibanda bado haijalipwa.

Sasa tutenganishe mambo. Ada ni ya benki au kampuni ya simu. Tozo ni ya Serikali. Kwa malipo ya kadi, ada hugawanywa kati ya benki iliyompa mteja kadi, benki ya mfanyabiashara, na mtandao kama Visa au Mastercard. Mteja haioni, maana inakatwa upande wa muuzaji.

Je, makato yanaweza kushuka? Yameshawahi. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Watu wakapiga kelele nchi nzima. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikashushwa tena, na 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Kwa ada za kadi, Umoja wa Ulaya nao uliweka ukomo Desemba 2015: ada inayokwenda kwa benki ya mteja isizidi asilimia 0.2 kwa kadi ya debit na 0.3 kwa kadi ya mkopo.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, ongeza safu moja kwenye daftari lako la mauzo: makato. Ijaze kila muamala, jumlisha jioni. Benki na kampuni ya simu waulize viwango vyao kabla hujachukua mashine ya kadi au Lipa Namba, kisha linganisha. Mwisho wa mwezi, pelekeni hesabu hizo kwenye chama chenu. Kiongozi akiingia ofisini na madaftari ya wauzaji thelathini, hataambiwa tena kwamba mnalalamika tu. Mazungumzo yataanzia kwenye shilingi.