Mashamba ya Angani: Kwa Nini Simu ya Mmoja Hukimbia na ya Mwingine Hukokota

(Maneno haya tuliyasema jioni mbele ya wanachama na wapenzi wa chama katika tawi letu. Tumeombwa tuyachape kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kuingia.)



Tumetakiwa tuseme habari ya masafa ya simu. Hatufichi kwamba tulipopewa neno hilo tuliguna, maana masafa hayaonekani wala hayashikiki. Lakini kila aliyemo humu ana simu mfukoni au katika pindo la kanga, na kila mmoja amepata kuuliza: mbona simu ya jirani yangu yafungua picha mara moja, na yangu yazunguka tu kama pia? Watu husema kampuni ile ni hodari na hii ni ya wavivu. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kisa si uvivu. Kisa ni shamba.

Tuseme hivi. Sauti zote na picha zote zinazotoka katika simu kwenda mnarani hupita katika mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yana namba zake, nazo huitwa megahezi. Kampuni mbili haziwezi kusema katika namba moja mahali pamoja, zitafunikana kama wahubiri wawili katika uwanja mmoja. Kwa hiyo kila serikali duniani huyakata masafa vipande vipande kama viwanja, ikatoa leseni: wewe chukua kutoka hapa hadi hapa, na wewe kutoka hapa hadi pale. Leseni hiyo ndiyo mali ya kwanza ya kampuni ya simu. Mnara waweza kuujenga, chuma waweza kukinunua, fundi waweza kumwajiri, lakini masafa hayatengenezwi kiwandani.

Na mashamba hayo hayafanani. Masafa ya chini, mathalani ya 600, 700 au 800, huenda mbali na hupenya kuta, hivyo mnara mmoja hutosha eneo kubwa la vijiji. Masafa ya juu, kama 2500 au 3500, huchoka upesi na hugonga ukuta yakarudi, lakini huko juu ndiko kwenye nafasi pana. Mwenye ya chini peke yake hufika kila mahali lakini barabara yake ni nyembamba. Mwenye ya juu peke yake ana barabara pana, ila inaishia mtaa wa pili.

Tena kuna upana wenyewe. Katika mtandao wa kizazi cha nne, ule uitwao LTE, mwenye megahezi 5 za kushusha na 5 za kupandisha hupata kadiri ya megabiti 37 kwa sekunde, kwa antena mbili mbili. Mwenye 10 kwa 10 hupata 75. Mwenye 20 kwa 20 hupata 150. Hizo ni hesabu za mtaalamu aliye peke yake chini ya mnara. Sisi wengine tunagawana. Mitambo ni ile ile, mafundi ni wale wale, kilichozidi ni upana wa shamba tu.

Sasa tuwapeleke Marekani, kwa sababu huko mambo haya yamefanyika peupe, na hesabu zake ziko wazi.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilifanya mnada wa masafa ya 700, yale yaliyokuwa yakitumiwa na televisheni za zamani. Mnada ule ulileta karibu dola bilioni 19. Kampuni ya Verizon ilitoa kadiri ya dola bilioni 4.7 ikapata kipande kimoja kizuri karibu nchi nzima. Mwezi wa Juni 2009 televisheni za zamani zikazimwa, na mwezi wa Desemba 2010 Verizon ikafungua mtandao wake wa kizazi cha nne katika miji 38 kwa mpigo. Wengi walisema, tazameni hodari hawa! Hodari walikuwa, hatukatai. Lakini tazameni pia walipojenga. Walijenga katika kiwanja kitupu. Wateja wao wa zamani walibaki katika masafa ya 850 na 1900 wakiendelea na simu zao, hapakuwa na mtu wa kuhamishwa.

Jirani yao T-Mobile hakuwa na kiwanja kitupu. Alinunua masafa mengi mwaka 2006 kwa dola kama bilioni 4.2, akayajaza mtandao wake wa kizazi cha tatu. Masafa yake ya 1900 yalikuwa yamejaa simu za kizazi cha pili. Masafa ya chini hakuwa nayo. Sasa ajenge wapi? Ni kama mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili, vyote vina wapangaji, naye ataka kujenga upya bila kumlaza mpangaji nje.

Ndugu zetu, hapa ndipo kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Tunapoambiwa kwamba kampuni fulani “inaboresha mtandao”, tunadhani ni kazi ya kupandisha vyuma juu ya mnara. Vyuma ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhamisha watu. Sharti upunguze kizazi cha pili kidogo kidogo, uhamishe cha tatu kiingie mahali pale, ndipo upate nafasi ya cha nne. Na kila unapopunguza, kuna mzee mwenye simu ya zamani ambaye asubuhi moja ataiona imekuwa bubu, naye hajui habari ya megahezi wala mnada.

Mwezi wa Machi 2011 kampuni kubwa ya AT&T ikasema itamnunua T-Mobile kwa dola bilioni 39. Sababu waliyoitoa ni hii: masafa yametuishia, tupeni haya ya jirani, nasi tutafikisha kizazi cha nne kwa watu 97 katika kila 100. Wasipopewa, walisema, watafika 80 tu. Maneno mazuri, na wako walioyasadiki. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule barua ya mawakili wao iliwekwa hadharani kwa makosa huko kwenye Tume ya Mawasiliano, ikaonyesha kwamba kutoka 80 kufika 97 kungegharimu dola kama bilioni 3.8. Watu wakauliza: mbona mtoe 39 kupata kitu cha 3.8? Mwisho wa mwezi huo Wizara ya Sheria ikaenda mahakamani kupinga, na mwezi wa Desemba AT&T ikaiacha shauri hiyo.

Je, wale watu waliobaki walikosa mtandao? Mwezi wa Novemba 2012 AT&T hiyo hiyo ilitangaza kwamba itafikisha kizazi cha nne kwa watu milioni 300. Fedha ilipatikana na masafa yakanunuliwa kwingine. Hatusemi uhaba wa masafa ni uwongo, maana upo, na katika miji mikubwa ni mkali. Twasema tu kwamba kilio cha uhaba sharti kipimwe kama mizigo mingine inavyopimwa sokoni, kwa mizani, mbele ya mnunuzi.

Na T-Mobile? Kuvunjika kwa mkataba kulimpa dola bilioni 3 za taslimu, na juu yake masafa katika maeneo 128. Hicho ndicho kiwanja alichokosa. Mwezi wa Februari 2012 akatangaza kazi ya dola bilioni 4 ya kubadili mitambo: kizazi cha tatu kihamie 1900, masafa yale mengine yaachiwe cha nne. Machi 2013 akafungua LTE. Mwezi wa Mei akaungana na MetroPCS, kampuni ndogo yenye masafa yanayopakana na yake, akaunganisha vipande viwili kuwa kimoja kipana. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amewafikia watu zaidi ya milioni 200. Jambo moja la kuchekesha: wenye simu za iPhone walizotoka nazo AT&T, ambao miaka yote walikuwa wakikokota kwa T-Mobile kwa kuwa simu zile hazikujua masafa yake ya kizazi cha tatu, waliamka wakakuta zinakimbia. Hawakununua kitu. Ni masafa tu yaliyohamishwa yakawafuata.

Baadaye alitafuta ya chini. Mwaka 2014 alinunua ya 700 kutoka kwa Verizon, mengine yakiwa jirani mno na televisheni ya chaneli 51 hata ikabidi kungoja wahame. Mwaka 2017 akatoa dola kama bilioni 8 katika mnada wa masafa ya 600, na Desemba 2019 akafungulia hapo kizazi cha tano.

Msije mkadhani kwamba kuwa na mashamba mengi kunatosha. Kampuni ya Sprint ilikuwa na masafa mengi ya 2500 kuliko wenzake wote. Kwanza iliyapanda mbegu isiyoota: teknolojia ya WiMAX, ambayo dunia iliiacha ikaifuata LTE. Ilipoanza LTE mwaka 2012, ilianza katika kipande chembamba cha megahezi 5 kwa 5, huku utajiri wake mkubwa umekaa juu huko, ukidai minara mingi na fedha ambayo mfuko haukuwa nayo. Hata masafa yake ya 800 yalikuwa yamekaliwa na mtandao wa Nextel hadi mwezi wa Juni 2013. Wateja wakachoka wakaondoka. Mwezi wa Aprili 2020 Sprint ikamezwa na T-Mobile, na masafa yale ya 2500, yaliyokuwa mzigo kwa mmoja, yakawa silaha kwa mwingine. Kwa sababu huyu wa pili alikuwa na ya chini ya kufika mbali, na ya kati ya kubebea mzigo. Verizon na AT&T ikawabidi kukimbilia mnada wa mwaka 2021, uliokusanya dola bilioni 81. Verizon peke yake ilitoa zaidi ya bilioni 45. Fedha hiyo, tuseme wazi, haitoki mbinguni. Siku moja inarudi katika ankara ya mteja.

Lakini kuungana kule kulipunguza makampuni makubwa kutoka manne kuwa matatu. Serikali ikasema Dish atasimama kuwa wa nne, naye alikwisha kulimbikiza masafa kwa miaka mingi bila kuyatumia, kama mwenye shamba anayeweka ua akaacha magugu. Alijenga, alijitahidi. Mwaka 2025 kampuni iliyomiliki Dish ilikubali kuuza sehemu kubwa kwa AT&T kwa kadiri ya dola bilioni 23. Wa nne yule hakusimama.

Sasa turudi nyumbani kwa maneno machache. Nasi televisheni za zamani tulizizima, tukianzia Dar es Salaam usiku wa mwisho wa mwaka 2012, na masafa yaliyoachwa yakawa na njaa ya wenye simu. Mwaka 2018 mamlaka yetu ya mawasiliano ilipiga mnada wa masafa ya 700, na mwaka 2022 ikapiga mnada mwingine wa mikanda kadhaa, ya chini na ya juu. Haya ni mambo ya kwetu, si ya Wamarekani. Masafa ni mali ya wananchi kama maji ya mto, na kampuni hupewa kuyatumia kwa muda.

Mzee mmoja aliyekaa mbele alituuliza baada ya maneno haya: “Mimi niko kijijini, nitajuaje kama kampuni yangu imekosa masafa au imekosa moyo?” Tulimjibu hivi. Mwanangu wa mjini akilalamika kwamba mtandao ni mzuri alfajiri na mbaya jioni, hapo mnara upo na barabara imejaa. Pengine ni masafa, au mnara wa pili haujajengwa. Wewe ukiona hata alfajiri hakuna kitu, hapo shida si upana, ni kwamba hakuna mnara karibu wenye masafa ya chini. Basi ukamwulize diwani wako na mbunge wako: ile kampuni iliyopewa masafa ya 700, leseni yake inasema ifike wapi, na ifike lini? Kama leseni haina tarehe, aulize kwa nini. Kama ina tarehe nayo imepita, aulize aliyepaswa kuihesabu alikuwa wapi.

Mzee akasema ataandika barua. Katibu wa tawi ameahidi kumsaidia kuiandika Jumamosi, na mwenye swali kama lake afike siku hiyo hiyo, aje na jina la kijiji chake na saa ambazo simu yake hukatika.