Visawe vya Mshangao katika Insha za Wanafunzi Wetu
Mada kwa semina ya walimu wa Kiswahili, Birongo, Kaunti ya Kisii



Nimeombwa nianze na fasili. Nitazipitia mbio kwa kuwa sote tunazifundisha. Kisawe ni neno lenye maana sawa au inayokaribiana na ya neno jingine. Kihisishi ni neno linalotoa hisia za msemaji: lo, ala, salaale. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, na tangu hapo msamiati wa insha umekuwa ukisakwa kama alama. Hayo yatoshe.

Nililojia ni orodha. Mnaijua. Imenakiliwa nyuma ya daftari, kichwa chake "Mshangao", na chini yake: staajabu, duwaa, butwaa, bumbuazi, lahaula, masalaale, kumbe, eti. Mwanafunzi huikariri usiku, na asubuhi huimwaga yote katika aya moja. Nimesoma sentensi hii, au ndugu yake, mara nisizoweza kuhesabu: "Nilishangaa, nikaduwaa, nikapigwa na butwaa, kisha nikatimua mbio." Aliyeduwaa hatimui mbio! Kuduwaa ni mwili kusimama na akili kukwama. Bumbuazi nalo humshika mtu hata akaitwa asiitike. Kustaajabu hakumfungi mtu miguu. Waweza kustaajabia ukubwa wa mkungu wa ndizi sokoni Keumbu huku unaulizia bei. Haya ni maneno matatu yenye hali tatu, nasi tumeyaandika kana kwamba ni shati moja lenye rangi tatu.

Lahaula ndiyo inayoniuma zaidi. Ni mwanzo wa maneno ya Kiarabu yanayosema kwamba hakuna hila wala nguvu isipokuwa kwa Mwenyezi Mungu. Anayeyatamka amezidiwa na jambo. Pwani mtoto huyasikia kwa nyanya yake habari ya msiba inapobishwa mlangoni, na hahitaji kufundishwa mahali pake. Mtoto wa Birongo huyapata daftarini tu, basi anaandika: "Lahaula! Mama alininunulia viatu vipya." Simlaumu. Sisi ndio tuliompa neno bila kumpa tukio lake.

Kisha kuna kumbe na eti, ambayo tumeyaweka safu moja ilhali yanapeana mgongo. Anayesema "Kumbe mwalimu alikuwa mgonjwa!" amekwisha kuamini, kilichomshangaza ni kwamba alichelewa kujua. Anayesema "Eti mwalimu alikuwa mgonjwa" hajaamini. Analirudisha neno kwa aliyelisema. Ala hubeba mshangao pamoja na karipio. Thubutu si mshangao hata kidogo, ni kukana. Mwanafunzi anayebadilisha kumbe kwa eti amegeuza habari yote, na mara nyingi sisi humpa tiki kwa kuwa neno limo orodhani.

Mwaka mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, mtoto aliandika kwamba aliona nyoka jikoni akapiga kelele: "Baba!" Mama ndiye aliyekuja na panga. Mwalimu alilizungushia neno hilo "Baba" wino mwekundu. Lakini katika Ekegusii baba ni mama, na tata ndiye baba. Huo ulikuwa mshangao wa kweli pekee katika rundo zima la insha, nao ulikatwa alama. Mtoto alihitaji kuelezwa tofauti ya lugha mbili, na kusifiwa.

Sisemi kwa niaba ya Baraza la Mitihani wala Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Wenye mamlaka wana taratibu zao, nami naziheshimu. Hata hivyo, hakuna mtaala ninaoujua unaotuamuru kukaririsha orodha hii.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, orodha iondolewe nyuma ya madaftari. Pili, kila neno la mshangao lifundishwe na tukio lake: nani anasema, kwa nani, kumetokea nini. Tatu, tukio moja lipewe neno moja. Nne, mwanafunzi aeleze kwanza kilichomshangaza; kitu kikielezwa vizuri, msomaji atashangaa mwenyewe. Tano, vihisishi visemwe kwa sauti kabla ya kuandikwa, kwani lo ya huzuni na lo ya kustaajabu hutofautiana kwa sauti. Sita, walimu wanaotoka pwani au waliofunza huko waalikwe watusimulie maneno haya yanavyotumika nyumbani. Saba, anayesahihisha asitoe alama kwa neno kwa sababu tu ni gumu. Nane, Ekegusii kisichukuliwe kuwa adui wa insha. Kitumike kulinganisha, kama pale kwenye baba na tata. Tisa, wazazi waelezwe, maana wengine hununua vitabu vya misemo wakidhani wanasaidia. Kumi, na narudia la kwanza kwa sababu bila hilo mengine hayatafanikiwa: orodha iondolewe.

Walimu wenzangu, Jumatatu mkiingia darasani msingoje waraka. Andikeni ubaoni kumbe na eti, maneno mawili tu, mwaulize watoto ni lipi la mtu aliyekwisha kuamini.