Kusoma Bodi ya Kompyuta Kabla ya Kuichoma

Leo nitazungumza juu ya kazi ya fundi wa kompyuta mpakato. Mtaona kuwa kazi hii nayo huanza kwa kusoma.

Ukiifungua kompyuta utaona bodi. Juu yake vimelehemiwa vipande vidogo mno. Vingine vina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Kando ya vingi pana herufi na nambari. R ni rezista, ipunguzayo umeme. C ni kapasita, iuwekayo umeme kidogo na kuutuliza. F ni fyuzi, ikatikayo umeme ukizidi.

Baadhi ya rezista zina tarakimu juu yake. Ukiona 103, soma 10, kisha weka sifuri 3: ni omu 10,000. Je, 472 ni ngapi? Fikirini kidogo. Naam, ni omu 4,700. Lakini kapasita ndogo za rangi ya kahawia hazina maandishi. Hizo hazisomwi kwa macho.

Zamani nilipokuwa najifunza kazi, mwalimu mmoja aliniletea kompyuta isiyowaka. Nilikuta fyuzi imekatika. Kwa haraka yangu niliweka kipande cha waya mahali pake. Moshi ukatoka, bodi ikaungua, nami nikailipa. Fyuzi ile ilikuwa ikiniambia kuwa mbele yake pana ubaya, nami sikuuliza ni ubaya gani.

Basi ifanyeni hivi. Kwanza, ondoeni chaja na betri. Pili, tazameni kwa kioo cha kukuzia: pana ufa, weusi, au kutu ya maji? Tatu, pimeni kwa mita kati ya njia ya umeme wa chaja na upande wa hasi. Mita ikionyesha karibu na sifuri, umeme unapita mahali pasipo njia. Mara nyingi kosa ni la kapasita moja iliyopasuka ndani.

Lakini ni ipi, nazo ziko nyingi? Pakeni spiriti safi juu yake, kisha pitisheni volti 1 tu kutoka mashine ya umeme yenye kipimo. Kapasita mbovu hupata joto, na spiriti iliyo juu yake hukauka kwanza. Wekeni moto mbali, kwa maana spiriti huwaka.

Zimeni umeme. Wafunikeni majirani wake kwa mkanda wa kuzuia joto, pulizeni hewa ya moto, na lehemu ikiyeyuka inueni kapasita kwa kibano. Msiivute kwa nguvu, msije mkang'oa shaba ya bodi. Pimeni tena. Sifuri ikiondoka, mmempata mkosaji.

Kapasita mpya iwe ya ukubwa uleule na kipimo kilekile, na volti zake zisipungue zile za kwanza. Njia ya volti 19 hutaka kapasita ya volti 25 au zaidi. Mwaweza kuitoa katika bodi iliyokufa ya aina ileile, mahali palepale. Ndipo mbadilishe na fyuzi, kwa fyuzi, wala si kwa waya.

Maswali ya darasani: Rezista yenye 223 ni omu ngapi? Kwa nini fyuzi haibadilishwi kwanza?