Mafua Kidogo Yasimnyime Mtoto Chanjo

Hotuba ya ofisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na wahudumu wa afya ya jamii kutoka Meru na Embu



Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kutafuta maneno ambayo mwananchi atayaelewa. Leo nataka tuzungumze kuhusu neno moja ambalo niliwahi kulitumia vibaya. Neno hilo ni "homa".

Kabla sijaajiriwa na kaunti nilikuwa mtangazaji katika kituo kimoja cha redio. Siku moja nililetewa tangazo la chanjo ya surua. Lilikuwa refu, nikalifupisha, na nikabakiza sentensi hii: "Mtoto mwenye homa asubiri apone." Nilimaanisha mtoto mwenye joto kali mwilini. Lakini sote tunajua tunavyozungumza huku kwetu. Mtu akipiga chafya mara mbili anasema ana homa. Makamasi ni homa, kikohozi ni homa, na joto la mwili pia ni homa.

Dada yangu, aliyeolewa upande wa Runyenjes, alikuwa akisikiliza. Mwanawe alikuwa ametimiza miezi 9. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka kutoka mlimani na pua za watoto wote zinatiririka. Akasubiri mtoto apone. Mafua ya kwanza yakaisha, yakaja mengine. Halafu kazi ya kuchuma majani chai ikamshika. Mtoto akapata surua kabla ya kuchanjwa, ikamshukia kifuani, akalazwa kwa nimonia. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Nilipofika wodini dada hakunikemea. Aliniuliza tu, "Si ni wewe ulisema mwenye homa asubiri?"

Tangu siku hiyo nimewauliza wauguzi na madaktari wengi, na jibu lao ni moja. Mtoto mwenye makamasi, kikohozi kidogo, au joto dogo tu, lakini ananyonya, anakula na anacheza, anaweza kuchanjwa. Mafua madogo hayaifanyi chanjo iwe hatari, wala hayaizuii kufanya kazi. Mwili wa mtoto hupambana na vijidudu vingi kila siku. Unaweza kushughulikia mafua na chanjo kwa wakati mmoja.

Kinachoweza kuahirisha chanjo ni ugonjwa mkali: joto jingi, kupumua kwa shida, kukataa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, au mtoto kulegea na kusinzia mno. Lakini sikilizeni vizuri. Mtoto wa namna hiyo hafai kubaki nyumbani hata kidogo. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa hiyo awe na mafua madogo au awe mgonjwa sana, safari ni ile ile ya kwenda kituo cha afya. Muuguzi ndiye atakayeamua kama atachanjwa leo au baadaye. Akiahirisha, usiondoke bila kuandikiwa tarehe ya kurudi.

Kwa nini tusingoje? Surua huenea kwa hewa. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu naye, 9 wanaweza kuambukizwa. Mtoto hupewa dozi ya kwanza akiwa na miezi 9 kwa sababu kinga aliyopata kwa mama imepungua, na ya pili akiwa na miezi 18. Kila wiki tunayoongeza nyumbani ni wiki ambayo hana kinga.

Kumbukeni pia hali ya hewa yetu. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua na rubela, pamoja na ile ya homa ya matumbo, ilifanyika kuanzia Julai 5 hadi 14 mwaka 2025, katikati ya baridi. Kama kila mwenye makamasi angebaki nyumbani, vituo vya Timau, Kibirichia na Kianjokoma vingemchanja nani?

Wazazi, mkifika kliniki msiseme tu "mtoto ana homa". Semeni unachokiona: "Ana makamasi tangu juzi, ananyonya vizuri, mwili hauna joto." Kama aliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, au ana ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, mwambieni muuguzi mapema. Na mkiona joto dogo wiki moja hivi baada ya chanjo ya surua, msishtuke. Hutokea kwa baadhi ya watoto. Likizidi, rudini kituoni.

Wahudumu, nanyi mkiingia nyumba ya mtu ulizeni hivyo hivyo: Ananyonya? Anacheza? Anapumua vipi? Kisha mwombe mama akuonyeshe kitabu cha kliniki, muangalie tarehe pamoja.

Wengine wameniuliza kuhusu chanjo ya mafua makali, yaani influenza, kwa watu wazima. Hiyo haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wetu, lakini kanuni ni ile ile: makamasi pekee hayakuzuii kuichanjwa. Haitakutibu mafua uliyo nayo, wala haizuii kila aina ya mafua.

Chanjo za watoto katika vituo vya serikali ni bure. Kesho asubuhi, kama tarehe imefika na pua inatiririka, mfunge mtoto leso, mfunike vizuri, umpeleke. Mpwa wangu alilipia sentensi yangu moja. Wenu wasilipie.