Nyumba ya Kupangisha na Rehani Yake



Madhali wengi wetu hapa Marekani tumejaliwa, baada ya miaka ya zamu za usiku na akiba ya tabu, kumiliki nyumba ya kupangisha, nimeomba idhini ya wazee niseme nanyi juu ya jambo ambalo naliona likifanywa kwa pupa, nalo ni kuitoa nyumba katika jina la mtu na kuifanya milki ya kampuni ya dhima yenye kikomo, ile iitwayo LLC.

Nia yenyewe ni njema, kwani mpangaji akiteleza ngazini akadai fidia, aghalabu kampuni ndiyo ishitakiwayo, na mali nyingine ya mwenyewe ikasalimika. Lakini nyumba iliyo rehani haina mwenye haki mmoja: mkataba wa mkopo kwa kawaida huipa benki ruhusa ya kudai deni lote mara moja endapo hati itahamishwa pasipo ridhaa yake. Sheria ya Garn–St Germain ya mwaka 1982 ilitaja uhamisho ambao benki haiwezi kuupinga, kama ule wa kumfikia jamaa baada ya mkopaji kufariki, lakini uhamisho kwa kampuni haumo. Fannie Mae, shirika linunualo mikopo ya nyumba kwa wingi, limeuridhia uhamisho kwa kampuni iliyo mikononi mwa mkopaji, kwa mikopo liliyoinunua tangu Juni 1, 2016. Basi ulizeni kama mkopo wenu umo, na jibu mlipate kwa maandishi.

Penye kukopa upya ndipo wengi wanapokwama. Mkopo wa kawaida wenye riba nafuu hupewa mtu, si kampuni, hata hati hulazimika kurudishwa kwanza katika jina la mwenyewe. Na wakopeshaji wa biashara, ambao huikubali kampuni, hutoza riba kubwa zaidi na aghalabu humtaka mwenyewe adhamini deni hilo kwa mali yake. Kwa hiyo rai yangu, ndugu zangu, ni kukamilisha mkopo mpya kwanza, bila kumficha mkopeshaji nia yenu, kisha ndipo hati iguswe.

Pimeni gharama pia: California hutoza kampuni dola 800 kila mwaka, na Pennsylvania hutoza kodi ya uhamisho hata kama kampuni ni yako mwenyewe. Fauka ya hayo, kodi ya mpangaji iingie katika akaunti ya kampuni, isichanganywe na fedha ya chakula cha nyumbani, na bima iandikwe jina la kampuni siku ile ile hati inapobadilika.