Mama, Shukia Barabara Kubwa
Mazungumzo juu ya pikipiki katika njia ndogo za Birere

Kaeni vizuri, anayelia anyonyeshwe, tuzungumze kidogo wakati tunangojea kupima watoto.

Leo sisemi juu ya malaria wala juu ya uji. Nataka tuzungumze juu ya pikipiki inayopita mbele ya mlango wako.

Ninyi mnaokaa Birere mnajua njia zetu. Ukiacha barabara kubwa na kuingia ndani ya mtaa, njia inakuwa nyembamba. Nyumba za mbao huku, nyumba za mbao kule, na chini ni mawe meusi ya volkano. Katika njia hiyo anapita mama mwenye bido ya maji mgongoni, anapita mtu wa chukudu na mzigo wake, wanapita wanaokwenda bariere ndogo kuvuka Gisenyi. Hapo hapo mtoto mdogo anacheza, sababu hana uwanja mwingine. Halafu pikipiki inaingia, na kila mtu anabana ukutani. Mtu mzima anajua kubana. Mtoto wa miaka mitatu hajui.

Niwaambie jambo nililoliona. Asubuhi moja pikipiki iliingia katika njia kama hizo na mama mmoja nyuma. Haikukimbia sana. Mtoto akatoka mlangoni kufuata chungwa lililobiringika. Motari alikamata breki, gurudumu likateleza juu ya mawe, pikipiki ikaanguka, na bomba la moshi likagusa mguu wa mtoto. Motari alilia: "Mama, sikumuona mutoto!" Alisema kweli. Wamama wakakimbia kusaidia, mmoja na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya kupikia. Tulipomfikisha hospitali, ilikuwa lazima kuosha yale yote kutoka kidondani, na mtoto alilia zaidi kuliko pale alipoungua. Alipona, lakini alama iko mguuni mpaka leo.

Yule mama aliyekaa nyuma ya pikipiki alikuwa nani? Ni mimi. Nilikuwa nimechelewa kazini, nikamwambia motari apite njia ya mkato. Kwa hiyo siwafundishi kama mtu asiye na kosa.

Tunapenda kulaumu wamotari. Lakini pikipiki haiingii kichochoroni yenyewe. Mara nyingi inaingia kwa sababu mmoja wetu amesema: "Nifikishe mpaka mlangoni." Tukibadilisha neno hilo, pikipiki nyingi zitabaki barabarani.

Je, pikipiki ni adui? Hapana. Usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ni pikipiki inayomfikisha kwetu. Na wale wamotari ni wana wetu na wadogo zetu, wanatafuta chakula cha nyumbani. Basi tufanye namna gani?

1. Shukia barabara kubwa. Sema: "Nishushe hapa, nitatembea na miguu." Ni dakika chache tu. Kama una mzigo, mwite kijana akusaidie kuubeba.

2. Kama kuna mgonjwa na ni lazima pikipiki iingie, iende mwendo wa mtu anayetembea. Wewe uliye nyuma una haki ya kusema "polepole". Kwenye kona motari apige honi mapema na awe tayari kusimama.

3. Msiweke mawe wala kamba katikati ya njia ili kuzuia pikipiki. Usiku mtu ataanguka, na mama mwenye uchungu hatapita. Ni afadhali wenye parseli za njia moja wakae pamoja na wamotari wa kona yao na kupatana.

4. Mtoto asikalishwe mbele, juu ya tangi. Pikipiki ikisimama kwa ghafula, yeye ndiye anayetupwa kwanza. Mtoto ambaye miguu yake haifiki mahali pa kukanyaga, mguu wake unaweza kuingia kati ya nyaya za gurudumu, na kisigino kikakatika vibaya. Huyo atembee nawe.

5. Funga kitenge chako vizuri kabla ya kupanda. Ncha inayoning'inia inaweza kushikwa na gurudumu au mnyororo na kukuvuta chini, pamoja na mtoto aliye mgongoni.

6. Panda na kushuka upande wa kushoto. Pikipiki nyingi za hapa zina bomba la moshi upande wa kuume. Nalo linabaki na moto mkali hata baada ya injini kuzimwa, kwa hiyo watoto wasicheze karibu na pikipiki iliyosimama.

7. Omba kaske, ile kofia ngumu, na ufunge kamba yake chini ya kidevu. Uchunguzi mwingi uliokusanywa na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa 100. Kaske iliyotundikwa mkononi mwa motari haisaidii kichwa cha mtu yeyote.

Mtoto akiungua na bomba la moshi, fanya hivi. Mwondoe penye moto. Mwaga maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa dakika 20. Najua maji ni taabu kwetu, na wengi wanayabeba kutoka ziwani. Basi tumia kikombe, mwaga pole pole, bido moja itatosha. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, udongo wala majani. Usipasue malengelenge. Funika na kitambaa safi, mfunike mtoto mwili uliobaki asipate baridi, kisha mlete hospitali pamoja na kadi yake ya chanjo, tuangalie kama amekingwa na tetanosi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Kidonda kinachoonekana kidogo kinaweza kuwa kimeingia ndani.

Mtoto akigongwa kichwa, mlete mara moja ukiona anatapika, analala na haamki vizuri, anashikwa na degedege, au damu au maji yanatoka masikioni au puani. Usingoje asubuhi.

Na wewe mwenye mimba: ukianguka au ukigongwa tumboni, njoo siku ile ile, hata kama husikii maumivu. Kondo la nyuma linaweza kuachana na tumbo la uzazi bila damu kuonekana nje. Ukiona damu, tumbo likikaza, au mtoto akiacha kucheza, ni hatari kubwa. Usione haya kutusumbua, hiyo ndiyo kazi yetu.

Kabla ya kurudi nyumbani, jiulize maneno matatu. Leo nitashukia wapi? Mtoto wangu akiungua, nitachukua maji au dawa ya meno? Na katika njia yetu, nani atakuwa wa kwanza kuzungumza na wamotari?

Mama, mtoto anayecheza mlangoni kwa jirani ni kama wako. Shukia barabara kubwa, utembee. Jirani yako naye akipita mlangoni kwako atafanya vile vile, na mtoto wako ataokota chungwa lake kwa amani.

Sasa tuanze kupima.