Mpeni Mtoto Kalamu, Kisha Mumsikilize
(Mazungumzo mbele ya wazazi na walimu, Mpanda)



Neno langu ni fupi, nalo ni juu ya watoto wetu wadogo na kalamu.

Mkoa wetu wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, una jina la Katabi, mwindaji ambaye wazee husema roho yake ingali inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Wageni waendao mbugani husikia kisa hicho na kukitia katika vitabu vyao. Je, ni watoto wangapi wa Mpanda waliokwisha kukiandika kwa mkono wao?

Hapana mtoto asiyejua kusimulia. Anaijua mizinga ya nyuki ya babu yake. Anaijua treni itokayo Kaliua, ambayo reli yake ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya hapa Mpanda. Amesikia jinsi viboko wanavyosongamana katika tope la mto Katuma wakati wa kiangazi. Lakini akishika kalamu tunamwambia aandike "Ng'ombe ni mnyama mwenye faida", na akikosea herufi moja tunamchapa. Basi kalamu inakuwa kwake sawa na fimbo. Nani apendaye fimbo?

Ndugu zangu, nawaombeni mambo matatu. Kwanza, mtoto asimulie kwa mdomo, kisha aandike hayo hayo aliyoyasema. Pili, asome mbele ya watu wa nyumbani, nanyi mcheke panapochekesha. Makosa ya herufi yatatengenezwa kesho. Tatu, mwandikieni barua, naye aijibu. Marehemu Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali mwenye kazi zake. Walakini aliwatungia watoto wake tenzi, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Na mzazi asiyejua kusoma atoe kisa, mtoto awe karani wake.

Msiseme karatasi hakuna. Daftari la mwaka jana lina kurasa tupu nyuma.

Wazee waijuao Mpanda ya zamani wanapungua kila mwaka. Tusipowapa watoto kalamu, kesho tutasoma habari za kwetu kwa maneno ya watu wengine. Jioni hii, kabla ya kulala, muulizeni mtoto: "Leo umeona nini?" Akijibu, mpeni kalamu.